Viatu vimrudishe mtoto nyumbani

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vikundi vya kujitolea vya makanisa na viongozi wa vijiji na mitaa katika mikoa ya Shinyanga na Geita.



Desturi ya kumvika asiye na nguo ni ya zamani kuliko makanisa na misikiti yote iliyopo leo katika nchi ya Wasukuma. Mtoto aliyefiwa na wazazi hakuachwa atembee uchi wakati bibi, shangazi au baba mdogo wake yu hai. Kwa hiyo, vikundi vya kujitolea vya makanisa vinapowasili Shinyanga, Kahama au Geita vikiwa na maboksi ya viatu na nguo kwa ajili ya watoto walioko makaoni, havileti jambo geni. Vinakuja kutimiza wajibu ambao kila mtu mwenye utu anauelewa.

Wengi wa wageni hao ni vijana kutoka Marekani na Ulaya, ambao wamejilipia nauli na kutoa likizo zao. Wengine ni Watanzania: kwaya kutoka Dar es Salaam, vikundi vya akina mama kutoka Mwanza, wanafunzi wa vyuo waliochangishana sabuni, sukari na mitumba. Yanayotokea wanapofika yanafanana mahali pengi. Watoto hupangwa mstari na kuimba. Maboksi hufunguliwa. Kila mtoto hupewa jozi ya viatu na vazi, picha hupigwa, sala husomwa, na kabla jua halijatua wageni huwa wamekwisha kupanda gari lao. Wako wanaoondoka huku wakilia, na machozi yao ni ya kweli.

Haifai mtu kuwacheka. Katika vijiji vya Shinyanga mguu mtupu si jambo la mchezo. Miiba ya migunga iko kila njia. Funza huingia kwenye kucha na kumlemaza mtoto. Minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo na kunyonya damu yake, na jeraha dogo la msumari wenye kutu laweza kuleta pepopunda. Jozi moja ya viatu, yenye kumtosha mtoto na kudumu mwaka mzima, ni kinga ya afya yake na ni heshima yake mbele ya wenzake darasani.

Lakini wema unaotendwa hadharani hauna budi nao uulizwe maswali hadharani. Swali la kwanza ni hili: mtoto huyu yumo makaoni kwa sababu gani? La pili linafuata hapo hapo: viatu alivyopewa vitampeleka wapi?

SOMO LA BUHANGIJA

Hakuna mahali ambapo maswali hayo yamejibiwa waziwazi kama Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga. Shule ya msingi ya Buhangija ilijulikana kwa kuwasomesha watoto wasioona na viziwi pamoja na wenzao. Ndipo ilipokuja miaka ya 2007 hadi 2009, na Kanda ya Ziwa ikakumbwa na aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, mchimbaji akauona mkanda wa dhahabu na mvuvi akajaza mtumbwi. Wakapatikana waliousadiki uongo huo, na waliokuwa tayari kulipa. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitokwa na machozi Bungeni alipolizungumzia jambo hilo. Mwezi Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini.

Serikali iliamua kuwakusanya watoto waliokuwa hatarini mahali penye ulinzi: Buhangija huku Shinyanga, Mitindo huko Misungwi, Kabanga huko Kasulu. Hiyo ilikuwa hatua ya dharura, nayo iliokoa maisha. Baada ya utulivu wa muda, mwezi Desemba 2014 mtoto wa kike wa miaka 4 alitekwa Kwimba, na mwezi Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, akauawa. Wazazi wakashikwa na hofu upya. Buhangija ikajikuta na watoto zaidi ya 200 wenye ualbino, wakilala zaidi ya mmoja katika kitanda, huku walimu na walezi wachache wakibeba mzigo uliowazidi nguvu.

Hapo ndipo wafadhili walipomiminika, na hapo ndipo lilipo somo.

Mtoto mwenye ualbino hahitaji nguo yoyote tu. Ngozi yake ina upungufu wa melanini, yaani ile rangi ya asili inayoikinga ngozi na makali ya jua. Shinyanga ni nchi ya jua na ya miti michache. Fulana ya mikono mifupi, kaptula na ndala, ambavyo mtoto mwingine angevivaa akashukuru, kwa mtoto huyu ni sawa na kuachwa wazi. Hata kepu nzuri yenye nembo ya timu ya mpira ya Marekani humkinga uso tu, ikaacha masikio na shingo viungue. Anachohitaji ni kofia yenye ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, soksi, na viatu vinavyofunika mguu wote. Anahitaji miwani, maana macho yake hayaoni mbali, na anahitaji mafuta ya kuzuia jua. Mafuta hayo hutengenezwa hapa hapa nchini, mjini Moshi. Asipovipata vitu hivyo, hatari inayomngoja ni saratani ya ngozi, ambayo imewaua watu wenye ualbino wengi kuliko panga lilivyowaua, tena kimyakimya, wakiwa bado vijana.

Basi mtu aliyekusanya nguo maili elfu nyingi kutoka Shinyanga, bila kumwuliza mlezi wa Buhangija hata swali moja, aweza kuleta boksi zito lisilo na kitu cha kumfaa mtoto aliyemkusudia. Aliyeuliza kwanza aweza kuleta furushi dogo likaokoa maisha. Wako waliouliza. Yako makanisa na mashirika yaliyoleta kofia pana, yaliyolipia miwani, na yaliyogharimia madaktari wa kupima ngozi. Hao wanastahili shukrani, nao ndio wa kuigwa.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Wengi wa watoto wale hawakuwa yatima. Walikuwa na mama na baba huko Kahama, Bukombe, Geita, Maswa na kwingineko. Waliletwa Buhangija na hofu. Baadhi yao waliletwa wakiwa wadogo mno, hata wakasahau sura za waliowazaa. Na wako wazazi waliokuja mara moja wasirudi tena, ama kwa umaskini wa nauli, ama kwa sababu walijisemea kwamba mtoto sasa ni wa Serikali na wa wafadhili. Mwezi Julai 2017 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, Ikponwosa Ero, alipoitembelea Tanzania, alihimiza kwamba watoto wasiachwe katika vituo milele, bali waandaliwe kurudi kwa familia zao kwa uangalifu.

Mtoto wa namna hiyo akipewa viatu vipya kila Krismasi kwa miaka 10, huwa amepewa jozi 10 za viatu na hajapewa njia ya kwenda kwao. Viatu haviondoi panga njiani. Kinachoondoa panga ni mkutano wa kijiji unaomkataa mpiga ramli, mwenyekiti wa kitongoji anayejua kila nyumba yenye mtoto wa kulindwa, mwalimu anayesema kweli darasani, polisi wanaofika kwa wakati, na mahubiri ya kila Jumapili yanayoutaja uongo huo kuwa ni uongo. Kazi hiyo haipigiwi picha. Na haijakwisha, kwani mwezi Mei 2024 mtoto wa kike aliyekuwa hajatimiza hata miaka 3 alitekwa huko Muleba, mkoani Kagera, akauawa.

MAKAO NI DARAJA

Hali ya Buhangija ilikuwa ya pekee, lakini kiini chake kinapatikana mahali pengi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba, kati ya kila watoto 5 wanaolelewa katika makao duniani, angalau 4 wana mzazi mmoja aliye hai. Mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Mtoto, ambayo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilizitaka nchi wanachama zipunguze kutegemea makao na zizisaidie familia. Jirani zao Watanzania, yaani Wakenya, walikuwa wamekwisha kusitisha mwaka 2017 usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto.

Kwa nini nchi zote hizo zishughulike na jambo linaloonekana kuwa ni hisani tupu? Ni kwa sababu, mahali ambapo wageni na misaada hufuata makao, hatari ipo kwamba makao nayo yatafuata wageni na misaada. Mama mjane mwenye watoto 5, akiona kwamba mtoto aliye makaoni ana viatu, ana godoro na anakula mara 3, wakati wake walio nyumbani hawana kitu, atashawishika kumpeleka mmoja. Hapo kiatu kinakuwa kimemtoa mtoto nyumbani badala ya kumrudisha.

Watoto wa machimboni ni mfano mwingine. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, ikiwa ni pamoja na wilaya za Geita na Kahama. Ilieleza habari za watoto wanaoshuka mashimoni, wanaoponda mawe, na wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu, sumu inayoharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Baadhi yao ni yatima. Wengine wana baba aliyehamia kwenye rashi mpya ya dhahabu akaacha familia nyuma, na mama anayeuza chakula machimboni tangu alfajiri hadi usiku. Kumvika raba mtoto wa namna hiyo na kumwacha kwenye karasha ni kumpamba tu. Anachotaka ni kuondolewa kwenye zebaki, arudi darasani, na mama yake apate namna ya kuishi isiyomhitaji yeye abebe kiroba cha mawe.

Uko ushahidi kwamba msaada wa kutoka nje waweza kufika kwenye mzizi. Ukimwi ulipogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983, huko Kagera, hakuna aliyejua kwamba ungejaza mayatima katika Kanda nzima ya Ziwa. Tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali yake zilipoanza kutolewa bure nchini, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili, maelfu ya akina mama ambao wangezikwa wameishi na kuwalea watoto wao wenyewe. Kidonge kile kimezuia uyatima kuliko makao yote yalivyoutibu. Huo nao ni msaada. Tofauti ni kwamba ulianzia kwenye sababu ya uyatima wenyewe.

Kuhusu viatu vyenyewe, uko utafiti uliofanywa katika nchi ya El Salvador, kwa ombi la kampuni ya TOMS, ambayo ilianza mwaka 2006 mtindo wa kutoa jozi moja bure kwa kila jozi iliyouzwa. Wachunguzi waliona kwamba watoto walivipenda viatu na walivivaa. Lakini viatu havikubadili sana afya yao wala mahudhurio yao shuleni, maana wengi walikuwa na viatu vingine tayari. Na watoto waliopewa walielekea zaidi kuamini kwamba watu wengine ndio wanaopaswa kuzitosheleza haja za familia yao. Kampuni yenyewe baadaye iliuacha mtindo huo. Kwa Mtanzania aliyefundishwa kujitegemea, matokeo hayo hayashangazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba taifa linalojenga maisha yake juu ya zawadi na mikopo huuweka uhuru wake rehani. Lililo kweli kwa taifa ni kweli pia kwa mtoto wa miaka 8.

PAMBA, NGOZI NA DHAHABU

Ndugu wananchi, liko jambo jingine ambalo mgeni hawezi kuliona kutoka dirishani mwa gari. Anapoleta shati na kiatu Shinyanga, analeta shati katika nchi ya pamba na kiatu katika nchi ya ng'ombe.

Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za pamba ya Tanzania hulimwa katika ukanda wa magharibi, ambao kiini chake ni Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita. Sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Inafumwa ng'ambo, inashonwa ng'ambo, inavaliwa ng'ambo. Na baada ya miaka michache hurudi ikiwa mtumba, ama sokoni kwa bei, ama makaoni bure. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma, ambazo zilijengwa ili pamba ya Ziwa ifumwe kwenye Ziwa, zilidhoofika kwa uendeshaji mbaya na uchakavu wa mitambo, na zilikuwa zimekwisha kulegea pale milango ya mitumba ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 nchi za Afrika ya Mashariki zilipoazimia kuipunguza mitumba hadi iishe, Marekani ilitishia kuzinyima nafasi ya kuuza nguo zao huko bila ushuru. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo. Kwa hiyo nguo iliyovaliwa ina siasa yake, hata inapotolewa kwa moyo safi.

Haki inadai isemwe pia kwamba si kila kosa liko ng'ambo. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kukaribia lengo hilo, na mwaka 1990 kilifungwa. Kilijengwa kikubwa kuliko ujuzi uliokuwapo, kwa ajili ya soko ambalo halikukiomba viatu, wakati mtoto wa Shinyanga aliendelea kuvaa katambuga za tairi. Kujitegemea kwahitaji hesabu pamoja na nia.

Hesabu ndogo iko karibu. Tangu Januari 2016 ada ya shule za msingi na sekondari za chini imefutwa, lakini sare na viatu bado ni juu ya mzazi, na hilo ndilo linalowafanya baadhi ya watoto kubaki nyumbani mwezi Januari. Katika kila mji, tangu Ushirombo hadi Katoro, wako mafundi cherehani barazani na mafundi viatu chini ya miti. Fedha ambazo mgeni mmoja hulipia mizigo ya ziada kwenye ndege zaweza kununua kitambaa na kumlipa fundi wa hapa, ambaye atampima mtoto yule mwenyewe, kwa mwili wake na kwa rangi ya sare ya shule yake. Shilingi ile ile itakuwa imemvika mtoto, imemlipa fundi, na imemnunulia mtoto wa fundi daftari. Viatu vya ngozi vya shule navyo hutengenezwa nchini, katika kiwanda cha Karanga mjini Moshi na katika karakana ndogo nyingi.

Na iko dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Kwa miaka mingi dhahabu imekuwa ikitoka kwa ndege na viatu vya msaada vikiingia kwa maboksi. Mtu yeyote mwenye akili timamu atajiuliza kama hesabu hiyo inalingana. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka sharti kwamba mwenye leseni ya uchimbaji atayarishe kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mjini Geita kipo kituo cha Moyo wa Huruma, ambacho Kanisa Katoliki limekuwa likiwalelea watoto kwa msaada wa mgodi. Jambo hilo ni jema. Lakini wananchi wana haki ya kuuliza, katika mikutano yao ya halali, ni kiasi gani cha mpango huo kinakwenda kwa familia ili zisilazimike kuwapeleka watoto vituoni, na ni kiasi gani kinamfikia mama wa machimboni.

HASHI NA NGITILI

Shinyanga yenyewe imekwisha kuifundisha dunia jinsi msaada wa nje unavyoweza kufaulu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ukisaidiwa na Norway. Mkoa ulikuwa umekaribia kuwa jangwa. Wataalamu wangeweza kuagiza miche kutoka mbali na kuwapangia watu mistari ya kuipanda, na mwanzoni jambo la namna hiyo lilijaribiwa. Lakini wakajifunza kuwauliza wazee, nao wakawaonyesha ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho ipumzike hadi kiangazi. Mpango ukaisimamia desturi hiyo. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi zikaongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Fedha zilitoka ng'ambo, lakini wazo na mikono vilikuwa vya wenyeji, na ndiyo maana miti ile ilisimama hata baada ya wafadhili kuondoka. Malezi ya yatima nayo yana ngitili yake. Ni ule ukoo unaompokea mtoto wa marehemu bila kuandika barua kwa mtu yeyote. Bibi anayewalea wajukuu 4 huko Solwa au Nyarugusu hana kibao barabarani, hana kwaya ya kuwaimbia wageni, na kwa hiyo hakuna basi linalosimama kwake. Hata hivyo yeye ndiye anayewalea mayatima wengi kuliko makao yote. Msaada unaompita bibi huyo umeipita ngitili na kwenda kupanda miche jangwani.

WAJIBU WA MAKANISA

Tarehe 16 Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki, alizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, Marekani. Shirika hilo halikuwa geni Tanzania. Askofu wa kwanza wa Jimbo la Shinyanga, Edward McGurkin, alikuwa padri wa Maryknoll. Mwalimu aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana yake kwa binadamu. Hakulikataza kutoa, alilitaka lisiishie kwenye kutoa.

Makanisa ya Shinyanga na Geita yana historia ya kujivunia. Hospitali ya Kolandoto, shule, zahanati na visima vya misheni vinajulikana. Kwa hiyo ni juu ya makanisa yenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote, kuwaeleza wageni wao ukweli. Mchungaji au padri anayewapokea asione haya kuwaandikia mapema kwamba mwaka huu hazihitajiki kaptula. Zinahitajika kofia pana, nauli ya wazazi kuja kuwaona watoto wao, na ada ya fundi cherehani. Mgeni mwenye nia njema hatakasirika. Atashukuru kwamba safari yake haikuwa bure.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa siku hizi ni rahisi kulishika. Kabla ya kukusanya kitu, aulize. Anachoweza kukinunua Shinyanga, asikibebe kutoka ng'ambo. Anapofika, akutane kwanza na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, amwulize ni watoto wangapi katika kituo hicho wana wazazi, na ni nini kinachowazuia kurudi kwao. Asimpige picha mtoto ambaye usalama wake unategemea kutojulikana alipo, kwani kwa mtoto mwenye ualbino picha moja yaweza kumwonyesha njia mwindaji. Viatu na atoe, lakini avitoe mikononi mwa mama, bibi au mlezi, ili mtoto avipokee kutoka kwa mtu atakayekuwapo kesho kutwa.

Viongozi wa vijiji nao wana jembe lao. Waandike majina ya yatima wote wanaolelewa na koo, ili msaada ujue njia ya kwao. Wahakikishe mtoto anayerudishwa kutoka kituoni anapokelewa na kijiji kizima, anawekwa dawati la mbele darasani, na anasindikizwa njiani. Na wamfikishe mpiga ramli mbele ya sheria, hata kama ni jamaa yao.

Ndugu wananchi, siku moja mtoto aliyekulia kituoni atafunga kamba za viatu vyake, atavaa kofia yake pana, na kutembea kutoka kituo cha basi hadi kwenye mji wa wazazi wake, mchana kweupe, akisalimiwa na kila anayekutana naye. Kila jozi ya viatu inayoletwa Shinyanga na Geita, iwe imetoka Marekani au imeshonwa Kahama, na ipimwe kwa kipimo hicho: imemsogeza mtoto karibu na siku hiyo, au imemweka mbali nayo?